Kukaza Hakutoshi: Bano la Darubini kwa Bunduki ya Springi

Mtu anayenunua bunduki ya upepo ya springi na kutaka kuifunga darubini huwa na swali moja: bano gani halitasogea? Majibu anayopata ni mengi, nayo yanapingana. Muuzaji mmoja humwambia achukue bano la kipande kimoja lenye pini ya kuzuia. Mwingine humwambia pini ni mambo ya zamani, bano zuri hushika lenyewe. Wa tatu humwonyesha bano lenye springi ndani yake, kwa bei inayokaribia ya darubini. Kisha mwenye bunduki kama hiyo humhakikishia kwamba pete mbili za bei nafuu zimemtosha kwa miaka. Wote wanne wanaweza kuwa wanasema kweli, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea.

Kupotea huko kuna gharama. Risasi zikianza kutua huku na kule, mtu hulaumu risasi zenyewe na kubadili aina. Hali ikiendelea, hulaumu mtutu, kisha darubini. Bano ndilo la mwisho kushukiwa, kwa sababu halina lenzi wala kifundo cha kuzungusha, na kwa macho linaonekana limetulia palepale. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ambaye hulazimika kuagiza bano kutoka Ujerumani, Uingereza au Marekani, kukosea mara moja ni kupoteza gharama za usafirishaji pamoja na majuma ya kusubiri, na kurudisha bidhaa mara nyingi hakulipi. Anayeishi Birmingham au Minneapolis ana njia fupi zaidi ya kufika dukani, lakini nguvu inayolisukuma bano lake ni ileile.

Nguvu hiyo ikishaeleweka, ushauri mwingi unaoonekana kupingana hupata mahali pake.

Bunduki inayopiga teke mara mbili

Bunduki hii haitumii baruti, wala haina chupa ya hewa iliyoshindiliwa. Ndani ya silinda yake mna springi nzito na pistoni. Mpigaji anapoukunja mtutu, au anapovuta wenzo ulio chini au ubavuni, springi hubanwa na pistoni hunaswa nyuma. Kifyatuo kikivutwa, springi huisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa iliyo mbele yake hubanwa katika nafasi ndogo sana, na hewa hiyo ndiyo inayoitoa risasi mtutuni.

Sasa tutazame kinachoupata mwili wa bunduki. Pistoni inapokimbia mbele, bunduki nzima husukumwa nyuma. Hilo ni teke la kwanza, na ni la pole kidogo, maana springi husukuma kwa muda wote ambao pistoni inasafiri. Mwishoni mwa safari pistoni hukutana na hewa iliyobanwa mno na kusimama katika milimita chache tu. Nguvu ya kuisimamisha ndiyo inayoutupa mwili wa bunduki mbele. Hilo ni teke la pili, fupi na kali kuliko la kwanza.

Abiria aliyesimama ndani ya daladala bila kushika bomba huangukia nyuma gari linapoondoka ghafla. Darubini nayo, bunduki inapotupwa mbele, hutaka kubaki ilipokuwa. Ndiyo maana mabano ya bunduki za springi kwa kawaida hutambaa kuelekea jicho la mpigaji. Kwenye bunduki ya baruti mambo ni kinyume: teke lake kubwa ni la kwenda nyuma, kwa hiyo darubini yake hutaka kukimbilia mbele. Hapa pana chanzo cha kwanza cha makosa. Fundi aliyezoea bunduki za kuwindia nyati hufunga darubini na bano lake akilinda upande mmoja tu, na huo si upande ambao bunduki ya springi hushambulia zaidi. Darubini ya bei kubwa iliyotengenezwa kwa bunduki ya baruti inaweza kukatika nyuzi za msalaba au kulegea lenzi kwenye bunduki ya springi inayoonekana kama kitu cha watoto.

Ukubwa wa nguvu hiyo unaweza kukadiriwa. Tuseme teke la pili linabadilisha mwendo wa bunduki kwa nusu mita kwa sekunde ndani ya milisekunde 1. Ili darubini ya gramu 500 ifuatane na bunduki bila kuachwa, bano linapaswa kuisukuma kwa nyutoni 250, yaani karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 25. Darubini ya kilo moja, yenye lenzi kubwa ya mbele, inahitaji mara mbili ya hapo. Bunduki halisi hutofautiana, lakini uhusiano haubadiliki: kila gramu inayoongezwa juu ya bano ni mzigo kwa bano. Anayelalamika kwamba bano limemwangusha angepaswa kwanza kuweka darubini yake kwenye mizani.

Ipo dhana nyingine inayopotosha, kwamba bunduki isiyopiga bega haiwezi kusumbua darubini. Feinwerkbau 300S ya Ujerumani, iliyosifika katika mashindano ya mita 10, na Diana 54, zimejengwa hivi kwamba silinda na mtutu huteleza juu ya kitako cha mbao wakati wa kufyatua. Bega halihisi karibu chochote. Lakini darubini imefungwa juu ya sehemu inayoteleza, na kwa kuwa sehemu hiyo ni nyepesi kuliko bunduki nzima, hutikisika zaidi. Tofauti ya kweli iko kwenye mfumo wa Giss uliotumiwa na Diana katika baadhi ya bunduki na bastola zake za shabaha: pistoni mbili hukimbia pande zinazopingana, kila moja ikifuta teke la mwenzake. Huko tatizo la bano hutoweka karibu kabisa, na hilo linathibitisha kwamba mkosaji ni pistoni.

Mfereji usio na kipimo kimoja

Bunduki nyingi za springi zina mifereji miwili iliyokatwa juu ya silinda, ambamo taya za bano hushika. Hesabu inayotajwa madukani ni milimita 11. Hesabu hiyo ni jina zaidi kuliko kipimo. Upana halisi hutofautiana kati ya watengenezaji, kuanzia takriban milimita 9.5 hadi kupita 13, na pembe ya mfereji nayo hutofautiana. Bano lililotengenezwa kwa pembe moja likiwekwa kwenye mfereji wa pembe nyingine hushika kwa ncha tu. Skrubu zinaweza kukazwa hadi ziumie, lakini chuma kinachogusana na chuma ni ukingo mwembamba, na ukingo huo hujikwaruza na kulegea siku baada ya siku.

Kasoro hii haionekani kwa urahisi, ila hupimika. Weka bano kwenye mfereji bila darubini, kaza kidogo, kisha tazama dhidi ya mwanga kutoka nyuma. Mwanga ukipenya kati ya taya na ukuta wa mfereji, bano hilo si la bunduki hiyo, hata kama kasha limeandikwa milimita 11.

Reli zenye mikato ya kukingama zina nidhamu zaidi. Reli ya Picatinny, ambayo jeshi la Marekani liliifanya kuwa kiwango rasmi mwaka 1995, ina mikato yenye upana wa milimita 5.23 iliyoachana kwa milimita 10.01 kutoka kitovu hadi kitovu. Upau wa chini ya bano huingia ndani ya mkato na kuzuia mwendo wa mbele na nyuma. Reli ya Weaver, iliyotangulia, ina mikato myembamba zaidi, kwa hiyo bano la Weaver huingia kwenye Picatinny lakini la Picatinny laweza kukataa kuingia kwenye Weaver. Baadhi ya bunduki za Hatsan za Uturuki zina reli inayokubali mfereji na mikato pamoja. Huo ni mpango mzuri, kwa sharti moja: reli yenyewe iwe sehemu ya silinda au imefungwa imara. Anayenunua reli ya Picatinny ya kubandika juu ya mfereji wa milimita 11 hajaondoa tatizo. Amelishusha ngazi moja, kwa sababu sasa reli ndiyo itakayotambaa, ikiwa na bano na darubini juu yake.

Kukaza au kuzuia

Hapa ndipo penye mgawanyiko mkubwa wa wataalamu.

Kundi la kwanza linategemea msuguano. Hoja yao ni kwamba bano likiwa na taya ndefu, mashine iliyolikata ikiwa sahihi, na skrubu zikiwa nyingi, mkamato wa chuma kwa chuma unatosha kushinda teke lolote. Mabano ya BKL ya Marekani ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Hayana pini. Mwili wake umekatwa kwa namna ambayo taya hujikunja na kukumbatia mfereji, na hubaki katikati ya mstari wa silinda badala ya kuvutwa upande mmoja. Mabano haya yanafaa hasa kwa bunduki ambazo hazina tundu la pini, na hayaachi alama ya pini kwenye chuma. Jingine lisilosemwa mara nyingi ni kwamba mpigaji anaweza kuliweka bano popote pale jicho lake linapotaka, bila kufungwa na mahali ambapo kiwanda kilitoboa tundu.

Udhaifu wake ni kwamba msuguano hautoi onyo. Tone la mafuta lililobaki mfereji unapofutwa, skrubu iliyolegea nusu mzunguko kwa mtetemo, au mfereji uliopakwa rangi nene, kila kimoja hupunguza mkamato bila mtu kujua. Msuguano ni nguvu ya kukisia. Unajua umekaza, hujui umebakiza akiba kiasi gani.

Kundi la pili linategemea kizuizi. Pini ya chuma hushuka kutoka tumbo la bano na kuingia kwenye tundu lililo juu ya silinda. Bano likitaka kurudi nyuma, pini hukutana na ukuta wa tundu, na ili lisogee ni lazima pini ikatike au ukuta upasuke. Bunduki za Weihrauch, kama HW 77, HW 95 na HW 97, hutoka kiwandani zikiwa na matundu hayo, na HW 97 haina hata vilengeo vya chuma, maana ilikusudiwa darubini tangu mwanzo. Air Arms ya Uingereza nayo imetoboa matundu kwenye TX200. Pale ambapo mtengenezaji ameweka tundu, amemwambia mnunuzi waziwazi anachokitarajia.

Nguvu ya pini ni kwamba haitegemei kukaza. Skrubu zikilegea kidogo, bano bado halina pa kwenda. Lakini pini ina makosa yake, na mengi hufanywa na wafungaji wenyewe. Pini ikiwa ndefu kuliko kina cha tundu, hufika chini na kuliinua bano, taya zikashika hewa upande mmoja. Pini ikiwa nyembamba kuliko tundu, hubaki nafasi, na bano hupata mwendo wa kujipigia nyundo kila risasi inapotoka, mpaka pini ipinde. Dawa yake ni rahisi na husahaulika: kabla ya kukaza, vuta bano nyuma mpaka pini iguse ukuta wa nyuma wa tundu, ndipo ukaze. Hapo risasi ya kwanza kabisa itakuta pini tayari imeegemea.

Bunduki za Diana za zamani kidogo zina historia yake, na inastahili kuelezwa kwa kuwa wengi bado wanazinunua zikiwa mitumba. Modeli kama 34, 48, 52 na 54 zilikuwa na reli fupi iliyofungwa juu ya silinda, na nyuma ya reli pana kichwa kikubwa cha skrubu. Kwa macho kinaonekana kama kizuizi kilichokusudiwa. Watu wengi wameegemeza bano hapo, na kichwa hicho kimekatika. Njia sahihi kwenye reli hiyo ni kuipeleka pini mbele: ishushwe ikae mbele ya ncha ya reli, ili bano likitaka kurudi nyuma pini iikabe ncha hiyo. Kampuni ya Leapers ya Marekani, kwa jina la UTG, ilitengeneza msingi maalumu kwa bunduki hizi wenye upau unaoshuka mbele ya reli kwa kanuni hiyohiyo. Watu waliokuwa wamekata tamaa na bunduki zao walizirudia.

Tukipima makundi haya mawili, kizuizi kinashinda mahali popote ambapo bunduki imekipa nafasi. Msuguano mzuri unashinda kizuizi kibovu. Na bano lenye pini lililofungwa kwenye mfereji usiolifaa ni hatari kuliko yote, kwa sababu mwenyewe hulala akiwa na imani.

Kipande kimoja au viwili

Hoja hii hupewa uzito mkubwa kuliko unaostahili, lakini haiwezi kurukwa. Bano la kipande kimoja lina miguu iliyounganishwa kwa chuma kimoja, skrubu zote zinafanya kazi pamoja, na pini moja inalinda pete zote mbili. Pete zake hukatwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo bomba la darubini halipindwi. Vipande viwili ni vyepesi, vya bei nafuu, na humwachia mpigaji uhuru wa kusogeza darubini mpaka jicho lipate picha kamili. Kwenye bunduki ya wenzo wa chini ambayo risasi hutiwa katika uwazi ulio karibu na darubini, vipande viwili huacha nafasi ya vidole, ambapo kipande kimoja huenda kikaziba.

Hatari ya vipande viwili ni kutokulingana. Pete moja ikikaa pembeni kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, na pete zikiwa zimeachana sentimita 10, mstari wa kulenga hupinda kwa milimita 1 katika kila mita. Kwenye mita 30 huo ni mkengeuko wa sentimita 3. Katika mashindano ya kuangusha shabaha za chuma viwanjani, yaliyoenea kutoka Uingereza, tundu la kulenga huwa na kipenyo cha milimita 40 au pungufu, na umbali hufika mita 50. Anayelenga katikati ya tundu ana milimita 20 tu za kukosea kila upande. Hesabu hii pia inaeleza kwa nini bano linalotambaa kidogo huharibu shabaha kiasi hicho: kurudi nyuma moja kwa moja kusingedhuru sana, lakini mfereji haujanyooka kikamilifu, kwa hiyo kila hatua ya kurudi huja na upindo kidogo.

Wenye vipande viwili husahau pia kwamba darubini yenyewe inaweza kuteleza ndani ya pete. Pete za skrubu nne kila moja hushika vizuri kuliko za skrubu mbili. Kukaza kwake kuna kiasi: takriban nyutoni-mita 2 kwa skrubu za juu ya pete, kwa zamu na kwa kukingama, huku mianya ya pande zote mbili ikibaki sawa. Zaidi ya hapo bomba la alumini hubonyea, na sehemu za ndani zinazosogezwa na vifundo hukwama.

Mtutu unaotazama chini

Bunduki nyingi za kukunja mtutu zina tabia ya mtutu kuinama kidogo ukilinganishwa na mstari wa silinda. Vilengeo vya chuma huficha kasoro hiyo kwa kuwa vyote viwili, au angalau cha mbele, viko juu ya mtutu wenyewe. Darubini inakaa juu ya silinda, kwa hiyo inaifichua. Risasi hutua chini, mpigaji huzungusha kifundo cha kupandisha, hutua chini bado, naye huzungusha tena mpaka kifundo kinakaribia mwisho.

Kinachotokea ndani ya darubini wakati huo ni kibaya. Vifundo hulisukuma bomba dogo la ndani, na springi ndogo hulirudisha dhidi yake. Kifundo kikipandishwa hadi karibu na mwisho, springi hiyo hunyooka na kupoteza mkazo. Bomba la ndani huanza kuelea, na kila teke huliacha mahali papya. Dalili zake hufanana kabisa na za bano linalotambaa, na hapo ndipo watu hutupa bano zima lisilo na kosa.

Njia tatu hutumika. Ya kwanza ni kuweka kipande chembamba cha plastiki au filamu chini ya darubini kwenye pete ya nyuma. Milimita 0.25, pete zikiwa zimeachana sentimita 10, huinua mahali pa risasi kwa sentimita 5 kwenye mita 20. Ni rahisi na haina gharama, ila ikizidi unene hupinda bomba. Ya pili ni bano lililokatwa likiwa na mteremko tayari, kama msingi wa UTG uliotajwa. Ni imara, lakini mteremko wake ni mmoja, nao huenda usilingane na mtutu wako. Ya tatu ni bano la kurekebishika, kama yale ya Sportsmatch ya Uingereza, ambalo pete zake hupandishwa, kushushwa na kugeuzwa. Hilo hutoa jibu kamili kwa kila mtutu, kwa bei ya juu, uzito wa ziada na skrubu za ziada ambazo nazo zinaweza kulegea. Kwa mwinamo mdogo, plastiki nyembamba haina aibu. Kwa mwinamo mkubwa, nunua mteremko.

Mabano ya kunyonya mshtuko

Diana ilitoa bano liitwalo ZR, ambalo sehemu yake ya juu huteleza juu ya nguzo fupi kati ya springi ndogo. Teke likija, darubini huachwa isogee kidogo na kurudishwa, badala ya kulazimishwa kufuata bunduki papo hapo. Muda wa kusukumwa ukirefuka, nguvu hupungua, na hilo ni kweli kwa hesabu ileile ya nyutoni tuliyoifanya mwanzoni. Darubini ambayo isingedumu hupata maisha.

Swali ni kama darubini hurudi mahali palepale kila mara. Bano lililotengenezwa kwa usahihi hurudi. La kuiga, lenye uwazi kati ya nguzo na tundu lake, hulegea likizeeka, na hapo mtu amelipia kitu kilichoundwa kisogee. Bano la aina hii pia ni refu kwa kimo na humtaka mpigaji ainue shavu kutoka kwenye kitako. Lina nafasi yake kwenye bunduki zenye nguvu kubwa zinazovunja darubini. Kwenye bunduki ya wastani ni gharama inayotatua tatizo ambalo halipo.

Kwa nini washauri hawapatani

Sababu kubwa haiko kwenye mabano. Iko kwenye sheria za nchi wanakoishi washauri. Ujerumani huruhusu bunduki za upepo bila leseni hadi jouli 7.5. Katika England na Wales, kikomo cha bunduki ya upepo bila cheti cha silaha ni futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16.3. Marekani haina kikomo cha namna hiyo katika sheria ya shirikisho, na wauzaji wake husifu bunduki za springi zinazopita jouli 27. Mjerumani anayesema pete mbili zinatosha ana bunduki isiyofikia theluthi moja ya nguvu ya ile ya Mmarekani anayeapa kwamba bila bano la kunyonya mshtuko hakuna kitu. Kila mmoja amesema kweli kuhusu bunduki iliyo mikononi mwake, na msomaji wa mbali amewasikia kana kwamba wanazungumzia chombo kimoja.

Kabla ya kufuata ushauri wa mtu, basi, jua bunduki yake ina nguvu gani. Na katika nchi za Afrika Mashariki, kabla ya kununua chochote, anza na kituo cha polisi, maana bunduki ya upepo si kitu cha kudhania kwamba kiko nje ya sheria ya silaha.

Wapo pia wanaosema darubini yenyewe ni ya ziada, na wana hoja. Vilengeo vya chuma havitambai, havivunjiki lenzi, na kwa umbali wa mita 20 hivi mtu mwenye macho mazuri hakosi kitu. Kwa bunduki ya kujifunzia ya kijana, huo ndio ushauri bora kuliko bano lolote.

Uamuzi

Kwa bunduki ya springi yenye matundu ya pini, kama za Weihrauch na Air Arms, nunua bano la kipande kimoja lenye pini inayorekebishika urefu, uhakikishe upana na pembe ya mfereji, na uvute bano nyuma kabla ya kukaza. Huo ndio uchaguzi wa kwanza, na kwa watu wengi hauhitaji wa pili. Kwa bunduki isiyo na tundu, bano refu la kukumbatia mfereji kama la BKL ni bora kuliko kujitobolea tundu nyumbani, kwa sababu kekee ikipita kiasi juu ya silinda huharibu njia ya pistoni, na hiyo ndiyo bunduki nzima. Kwa Diana yenye reli fupi, tafuta msingi wenye upau wa mbele, na kichwa cha skrubu cha nyuma usikiguse. Kwa bunduki ya Ujerumani ya jouli 7.5, pete mbili zenye skrubu nne kila moja zinatosha. Bano la kunyonya mshtuko liachwe kwa bunduki ambayo imekwisha kuvunja darubini iliyotengenezwa mahsusi kwa bunduki za springi.

Katika hali zote, punguza uzito wa darubini kabla ya kuongeza bei ya bano. Futa mafuta kwenye mfereji, kwenye taya na ndani ya pete kwa spiriti. Funga bunduki ikiwa haina risasi na springi ikiwa haijakokwa. Kisha chora mstari mwembamba wa penseli kwenye silinda, nyuma kabisa ya mguu wa bano, na mwingine kwenye bomba la darubini kando ya pete. Baada ya makumi kadhaa ya risasi, itazame mistari hiyo. Bano likiwa limeumeza mstari wa kwanza, limetambaa. Wa pili ukiwa umeachana na pete au umefichwa nayo, darubini ndiyo inayoteleza. Mistari yote miwili ikiwa palepale na risasi bado zinatawanyika, bano halina kosa: angalia kifundo cha kupandisha kimefika wapi, na skrubu za kitako kama zimekaza.